Sarafu ya Sikukuu: Kutoka Saa ya Ukuti Hadi Saa ya Betri

Saa ya kwanza niliyoivaa mkononi haikuwa na mashine. Babu aliisuka kwa ukuti wa mnazi asubuhi ya sikukuu mosi, barazani kwetu Miembeni, Unguja, huku nguo zangu mpya zikinukia udi. Aliuchana ukuti mbichi, akatoa chelewa, akakunja, akapitisha, akavuta, na kabla kahawa yake haijapoa nilikuwa na saa, pete na miwani. Kufikia Alasiri ukuti ulianza kunyauka. Sikukuu pili saa yangu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na babu akanisukia nyingine.

Saa ya pili niliinunua mwenyewe. Ilikuwa ya plastiki nyekundu, mishale yake imechapwa kwenye karatasi chini ya kioo, na ilionyesha saa nne na dakika kumi asubuhi, mchana na usiku. Ilikuwa Idi el Fitri ya Juni 1985, nami nina miaka tisa. Mkanda wake ulikatika kabla ya Magharibi. Nililia njia nzima kutoka Mnazi Mmoja mpaka nyumbani, nikitaraji kupewa pesa nyingine. Mama alinifuta machozi kwa pindo la kanga, akaniuliza jambo moja tu: "Si umeichagua mwenyewe?"

Miaka arobaini imepita na bado naikumbuka saa ile kuliko zawadi nyingi za thamani nilizopewa ukubwani. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu ninalolipata kila mara ni kwamba kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokichagua mimi, kwa pesa yangu, mbele ya muuzaji aliyenisubiri nimalize kufikiri. Anayetaka kuijua historia ya vitu vya kuchezea vya sikukuu katika mwambao wetu na aifuate ile sarafu iliyofumbatwa na mtoto. Imepita mikononi mwa bibi zetu, ikapita mikononi mwetu, na kila muongo ilinunua kitu tofauti. Siku hizi inaanza kututoka, na ndiyo sababu ya makala haya.

Nipe sikukuu yangu

Ulaya na Marekani, kitu cha kuchezea cha Krismasi humfikia mtoto kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya maua. Mtu mzima amekichagua, amekilipia na amekificha. Kila kizazi huko kina chake: dubu wa kitambaa aliyechukua jina la Rais Theodore Roosevelt baada ya mwaka 1902, matofali ya LEGO yaliyosajiliwa Denmark Januari 1958, Barbie aliyeonyeshwa hadharani mara ya kwanza New York Machi 1959. Historia hiyo ni rahisi kuifuata, maana kampuni zilizouza ndizo zilizotunza hesabu na picha.

Kwetu desturi ilikwenda njia nyingine. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu mtoto wa sikukuu hapewi kifurushi, hupewa pesa. Akishaoga, akishavaa na kupakwa mafuta, hupita nyumba hadi nyumba. "Shikamoo bibi, Idi mubarak." "Marahaba mwanangu, nawe pia." Kisha husimama palepale, hasemi neno, haondoki. Bibi anajua. Hufungua fundo la kanga taratibu kana kwamba hakumbuki alichokifunga humo. Wapo watoto wasemao waziwazi, "Nipe sikukuu yangu," na hakuna anayewaona wakosefu wa adabu, maana siku hiyo wanadai haki yao. Wengine huita pesa hiyo mkono wa Idi.

Kufikia adhuhuri leso imeshakuwa nzito. Baada ya Alasiri safari ni ya kiwanjani: Mnazi Mmoja kwa watoto wa mjini Unguja, na baadaye Kariakoo ya hukohuko Unguja, Tibirinzi kwa watoto wa Chake Chake, Makadara kwa watoto wa Mombasa. Sikukuu ya Zanzibar huchukua siku nne, tunazihesabu mosi, pili, tatu na nne, kwa hiyo mtoto alijifunza mapema kwamba anayemaliza pesa zote sikukuu mosi atazitazama pembea za sikukuu tatu kwa macho tu. Kuna ubuyu, kuna urojo, kuna pembea, na kuna meza za vitu vya kuchezea. Mtoto husimama mbele ya meza, kidevu chake sawa na ukingo, akauliza bei. Muuzaji humjibu yeye. Hakuna mzazi kati yao.

Bara, wakati wa Krismasi, mambo hayako mbali na hayo. Mtoto wa Moshi, Dar es Salaam au Nairobi alisubiri nguo mpya, viatu, pilau na soda, na baada ya kanisa akapewa sarafu mbili tatu za kununulia pulizo, filimbi au miwani ya plastiki kwa mchuuzi aliyepita na fimbo ndefu yenye bidhaa zikining'inia kama matunda. Vitabu huviita vitu hivi wanasesere, mitaani huitwa midoli au matoi, na sisi Unguja tuliviita michezo tu. Jina lolote litakalotumika, vingi vilinunuliwa na mtoto mwenyewe.

Ndururu kwenye uzi

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtoto wakati wa Sultani Seyyid Khalifa. Zanzibar iliacha rupia mwaka 1936 ikaingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, na sarafu zake ndogo, za senti 1, senti 5 na senti 10, zilikuwa na tundu katikati. Bibi alizitunga kwenye uzi akazivaa shingoni, ndani ya gauni, zisimpotee katika msongamano wa Mnazi Mmoja. Ndururu ilikuwa senti tano, peni senti kumi, thumni senti hamsini. Thumni, alikuwa akituambia, ilikuwa ya wakubwa. Mtoto aliyepewa thumni alikwenda nayo kwanza kwa mama yake akaulize kama hakukosea aliyempa.

Meza za wakati wake zilibeba zaidi kazi za mikono ya watu wa hapahapa. Palikuwa na pia za mti zilizochongwa, filimbi, tiara za karatasi zilizotandwa kwenye vijiti vya chelewa, na vyungu vidogo vya udongo vya kupikia mchezo, vimepangwa na mafiga yake matatu. Alipenda sana vyungu. Kifuu kilikuwa sahani, mchanga ulikuwa wali, na majani ya mwarobaini yalikuwa mchicha.

Sikukuu moja aliona kwenye meza ya mfanyabiashara gari la bati lenye ufunguo ubavuni. Lilizungushwa, likawekwa chini, likaenda lenyewe. Lilitoka Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilirudi kwenye masoko ya dunia na vitu vya kuchezea vya bati, na vya mwanzo kabisa vilitengenezwa kwa makopo yaliyotupwa na majeshi ya Marekani. Bibi hakuwa na pesa ya kulinunua. Alilitazama siku zote nne, na hata uzeeni aliweza kutuonyesha kwa vidole jinsi lilivyopinda kona.

Waya, ndala na vitambaa vya fundi

Baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa upande wa Bara baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya kuagiza bidhaa nje iliingia mikononi mwa serikali. Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba iliyobaki, na fedha za kigeni zikawa za dawa, vipuri na chakula. Kitu cha kuchezea kilikuwa cha mwisho kwenye orodha, na kwa nchi yenye njaa hapo ndipo mahali pake. Meza za viwanjani zikapungua, watoto wakaanza kujitengenezea wenyewe.

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari ya waya. Kazi ilianza wiki mbili kabla ya sikukuu kwa kutafuta waya: vitundikio vya nguo, mabaki ya uzio, na waya laini unaopatikana tairi kuukuu likichomwa. Kwanza alikunja fremu ya chini, ndefu kama mkono wake. Juu yake akapandisha nguzo za bodi, akazifunga kwa waya mwembamba, pindo kwa pindo, akiuma ncha kwa meno pale koleo ilipokosekana. Magurudumu aliyakata kwenye ndala zilizokufa. Aliweka mdomo wa kopo juu ya soli, akazungusha kisu pembeni mwake, na duara likatoka na tabaka zake mbili, nyeupe juu na buluu chini.

Penye akili kubwa palikuwa mbele. Mhimili wa magurudumu ya mbele haukukazwa pande zote mbili. Ulifungwa katikati tu ili uweze kugeuka. Kutoka hapo kilipanda kijiti kirefu cha mwanzi hadi kifuani kwa dereva, juu yake usukani wa waya. Dereva alitembea nyuma ya gari lake, akikata kona kwa mikono na kupiga honi kwa mdomo. Ikiwa mhimili umekaa upande hata kwa upana wa ukucha, gari lilikwenda mrama na kuishia mtaroni. Kaka alilibomoa mara tatu kabla ya kuridhika. Vizibo vya soda vilikuwa taa. Nambari ya gari aliiandika kwenye jalada la daftari la skuli.

Watoto waliunda magari waliyoyaona. Kwetu yalikuwa magari ya shamba yenye bodi za mbao, yanayopakia watu na mafenesi pamoja. Binamu yetu wa Dar es Salaam alituletea likizo moja basi aina ya Ikarus lenye kiungo katikati, lile watu wa Dar walilolibatiza kumbakumba, na kiungo chake kilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kaka hakulala usiku ule.

Ndala zile zimeendelea kunifuata. Lamu, mafundi wa majahazi walijenga chombo chote kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, wakakivisha ndala zipatazo 30,000 zilizosombwa na bahari hadi ufukweni. Walikiita Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 kilisafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Dunia ilistaajabu. Mimi nilimkumbuka kaka na kisu chake. Watu wazima waliofanya kazi ile walikuwa wakiendeleza elimu ambayo watoto wa mwambao huu wamekuwa nayo tangu ndala ya kwanza ikatike.

Sisi wasichana tulikuwa na fundi cherehani. Kumi la mwisho la Ramadhani taa yake haikuzimwa, na chini ya miguu yake vipande vilijaa kama majani ya mwembe. Tuliingia na salamu ndefu kuliko kawaida. "Shikamoo fundi. Mama anakusalimu fundi. Tunaomba vipande." Kwa vipande hivyo tulishona mtoto: kichwa cha pamba, nywele za usumba, macho ya uzi mweusi. Aliyebahatika alipata kipande cha kitambaa cha gauni lake mwenyewe, na siku ya sikukuu yeye na mtoto wake walivaa sare. Sijaona tena mwanasesere wa dukani anayeweza hilo.

Mwaka wa 1983

Desemba 1983, miji ya Marekani ilishuhudia wazazi wakisukumana na kupigana madukani wakigombea Cabbage Patch Kids, wanasesere wa mashavu manene waliouzwa na cheti cha kuasiliwa. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa kwenye msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wafanyabiashara waliokuwa na bidhaa majumbani walizificha, wengine wakazitupa usiku. Mama zetu walipanga foleni ya sukari na sabuni.

Nikizifungua albamu za picha za kizazi changu naziona sikukuu za miaka hiyo. Watoto wamesimama mbele ya pazia la studio lenye maua, nguo zimenyooka, nywele zimesukwa, mikono mitupu. Mtu asiyejua angesema hatukuwa na vitu vya kuchezea. Gari la waya liliachwa nje ya mlango wa studio, likimsubiri dereva.

Meli za Dubai

Mwaka 1984 mambo yaligeuka. Bara, serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Zanzibar, Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameshika urais wa visiwa, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Bidhaa zilikuja kutoka Dubai, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe meza za Mnazi Mmoja zilikuwa na rangi zote za upinde wa mvua: bastola za maji, wanasesere wanaofumba macho wakilazwa, mapulizo yenye filimbi mdomoni, na saa.

Nyuma ya saa yangu palikuwa na maandishi madogo yaliyoinuka. Kaka alinisomea: Hong Kong. Nilidhani ni jina la mtu aliyeitengeneza. Hong Kong ilikuwa kwa miaka mingi mmoja wa wauzaji wakubwa duniani wa vitu vya kuchezea vya plastiki. China ilipofungua uchumi wake mwishoni mwa miaka ya 1970, na Shenzhen kufanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, viwanda hivyo vilianza kuvuka mpaka kufuata ardhi na wafanyakazi wa bei nafuu wa jimbo la Guangdong. Leo wilaya moja ya jimbo hilo, Chenghai ya mji wa Shantou, inaishi kwa kazi hiyo. Sarafu ya mtoto wa Unguja, iliyokuwa ikiishia kwa mfinyanzi au mchonga pia, ikawa inasafiri hadi huko.

Nayo njia ilifupika. Miaka ya 1990 na 2000 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walianza kupanda ndege wenyewe kwenda Guangzhou na Yiwu, wakarudi na makontena. Ukipita Mtaa wa Kongo wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi utaona matokeo yake. Vitu vya kuchezea vimefunuliwa chini kwenye maturubai, vinaimba vyote kwa pamoja, na mchuuzi amevaa saa kumi mkono mmoja hadi kwenye kiwiko ili uone kila rangi.

Televisheni nayo ilibadilisha kilichotakiwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo mtoto alichagua kwa kutazama kilichoko mezani. Baada ya hapo alikuja kiwanjani akiwa na jina la kitu kichwani. Saa za sikukuu zikachorwa nyuso za katuni. Nyingine zilijazwa pipi, na nyingine zikatoa mwanga mwekundu ukizibonyeza.

Wanasesere walibadilika pia. Barbie na nakala zake nyingi za bei rahisi walifika na nywele zao za dhahabu, na wasichana waliojifunza kusuka kwa nywele za usumba wakagundua kwamba hizi zinachanika ila hazishiki mafuta. Mwaka 2003 kampuni ya NewBoy ilizindua Fulla, mwanasesere wa baibui na mtandio, aliyeenea haraka katika nchi za Kiarabu, zikiwemo zile za Ghuba wanakoishi ndugu zetu wengi wa Muscat na Dubai. Umaarufu wake ulionyesha jambo ambalo mtoto mwenye kipande cha kitambaa cha fundi alilijua zamani: mtoto humpenda zaidi mwanasesere anayefanana na watu wa nyumbani kwao.

Niseme pia la hatari, maana bei ndogo ina gharama zake. Nyingi ya saa na taa hizi zina betri bapa ndogo kama kifungo. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili. Kabla ya kumpa mtoto kitu cha namna hiyo, angalia kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, kirudishe mezani. Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali hapohapo, usimtapishe na usisubiri dalili.

Mkono ulioshikwa

Hadi hapa sarafu ilikuwa bado ya mtoto, hata kama kitu alichonunua kilitoka mbali. Kilichofuata ndicho kilichoanza kumpokonya.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi mmoja mjini Tabora walipokuwa kwenye disko toto. Walijazwa kupita kiasi wakakosa hewa. Walikuwa wamekwenda kusherehekea sikukuu yao. Tangu hapo hakuna sikukuu inayopita bila polisi kukumbusha kuwa disko toto ni marufuku na kuwataka wazazi wasiwaache watoto kwenda matembezini peke yao. Nani atawalaumu? Kila mzazi aliyesikia habari ile aliushika mkono wa mwanawe kwa nguvu zaidi, nami nilikuwa mmojawapo.

Miji nayo ilipanuka. Njia niliyoipita kwa miguu kutoka Miembeni hadi Mnazi Mmoja leo imejaa magari na pikipiki. Mtoto huenda kiwanjani kwa gari la mzazi, anasimama mbele ya meza akiwa ameshikwa mkono, na mazungumzo ya bei yanapita juu ya kichwa chake. Kisha pesa yenyewe ikageuka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na siku hizi ami aliye mbali hutuma mkono wa Idi wa watoto wote kwa simu ya mama yao. Ni wema mkubwa. Lakini mtoto haioni ile pesa, haihisi uzito wake kwenye leso, na mara nyingi huambiwa tu, "Ami kakutumia, nitakununulia kitu." Kitu hicho ni kizuri, pengine bora kuliko ambacho angekichagua mwenyewe. Huletwa ndani ya mfuko, kama zawadi ya chini ya mti.

Sina ugomvi na plastiki, na sitaki mtu yeyote arudishwe kwenye foleni za sukari ili watoto wake wajifunze kukunja waya. Nilifurahi kuliko malaika siku niliyoivaa saa nyekundu. Ninalolililia ni lile tendo dogo lililodumu kutoka ndururu ya bibi hadi shilingi yangu yenye mwenge: mtoto kupewa pesa kidogo, kupewa muda, kukosea, na kuachwa akae na kosa lake hadi sikukuu ijayo. Hesabu ya thumni na peni tuliijua kiwanjani kabla ya kuijua ubaoni. Tulijua kwamba kinachong'aa kinaweza kukatika. Tulijua kuuliza bei meza mbili kabla ya kulipa, kusema hapana kwa mtu mzima kwa adabu, na kubakisha cha sikukuu nne.

Linawezekana hata leo, na halihitaji mtoto aende peke yake. Badilisha noti ziwe sarafu siku moja kabla ya sikukuu. Pesa iliyotumwa kwa simu itoe, umkabidhi mwenyewe mkononi, umwambie nani kamtumia, na ampigie amshukuru. Kisha nenda naye kiwanjani, usimame mahali unapomwona, na umwache aulize bei.

Hatua tatu nyuma

Idi iliyopita nilikwenda Unguja, nikamchukua mtoto wa mwisho wa kaka yangu, msichana wa miaka minane, hadi kiwanjani Kariakoo. Nilimpa sarafu nne za shilingi 500, zile zenye nyati upande mmoja na sura ya Mzee Karume upande wa pili. Baba yake, fundi wa magari ya waya wa zamani, alilalamika tangu nyumbani. "Dada, atapunjwa huyo. Atanunua takataka." Nilimwambia asubiri.

Tulisimama hatua tatu nyuma. Msichana alizunguka meza zote mara mbili. Aliuliza bei ya saa yenye taa, akaitikisa, akairudisha. Aliuliza ya mwanasesere. Alimgeukia baba yake kutafuta jibu usoni mwake, kaka akatazama pembeni, na hilo najua lilimgharimu. Kijana aliyekuwa akiuza alianza kusema na sisi, kisha akaelewa, akainama akasema naye. Robo saa nzima ilipita. Mwishowe alitoa sarafu tatu akanunua pulizo kubwa la rangi ya fedha lenye umbo la samaki.

Lilipasuka kabla hatujafika barabarani. Lilikwaruzwa na ua wa miiba, likasinyaa mikononi mwake kwa mlio mdogo, naye akasimama akilitazama. Machozi yakaja. Kaka alishaingiza mkono mfukoni, nilimshika kiwiko.

"Shangazi," akasema msichana, "limepasuka."

"Naona, mwanangu."

Alilia kidogo zaidi. Kisha akafungua ngumi ya mkono wa pili. Sarafu moja ilikuwa bado imo, ina joto na jasho, na alama ya ukingo wake imechorwa kwenye kiganja. Aliigeuza, nyati juu, Mzee Karume juu, nyati juu.

"Leo sikukuu ngapi?" akauliza.

"Pili," nikamjibu.

Alihesabu kwa vidole siku zilizobaki. Akaifunga sarafu kwenye ncha ya mtandio wake, mafundo mawili, kama bibi yangu angemfundisha, akaanza kutembea kuelekea nyumbani mbele yetu.